Nililipa shilingi 1,500 nikaulizwa nimecheza wapi

Nyama ya ukumbi tuliotazamia mechi ilikuwa sawa. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nimekuja hapa na chuki zangu. Mbuzi alichomeka, kachumbari ilikuwa na dania ya kutosha, ugali ulifika mezani ukitoa mvuke, na vyoo ni visafi kuliko vya ofisini kwetu. Kama unachotafuta ni kula tu, nenda. Mimi nilienda kwa sababu ya bango.

Ukumbi wenyewe uko pande za Roysambu, hapa Nairobi, jina silitaji, wanaoupita kila siku watautambua. Bango lilikuwa limetundikwa getini wiki nzima: tazama mechi pamoja na nyota wa zamani, uchambuzi wa kitaalamu, mtu mzima 1,500, mtoto 800, sahani moja na soda ndani ya bei hiyo. Chini kabisa waliandika kwamba nyota huyo ni kipa. Hapo ndipo nilipokwisha. Mtoto wa kaka yangu ninayeishi naye Zimmerman ana miaka 14 na ndiye mlinda lango wa timu ya mtaa. Glavu zake nimezishona mwenyewe mara tatu. Tangu alipoliona lile bango hakunipa usingizi: Anti, tutaenda? Anti, umelipa? Nikatuma pesa kwa M-Pesa, Jumamosi ikafika, mvua ikanyesha, tukaenda tukiwa tumelowa.

Mchambuzi naye simtaji. Ni mzee aliyecheza ligi yetu miaka ya themanini, koti la suti, kofia ya sufu, sauti ya kuamsha ploti nzima. Na nitakuwa mwongo nikisema sikumpenda. Kabla mechi haijaanza alitusimulia mwaka 1987, uwanja wa Kasarani ukiwa mpya kabisa, umejengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika, na Gor Mahia wakirudi kutoka Tunis na sare ya 2-2 dhidi ya Espérance katika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Hapa nyumbani ikawa 1-1, kombe likabaki Nairobi kwa mabao ya ugenini. Yeye hakuwa akicheza siku hiyo, alikuwa jukwaani, na anasema alirudi nyumbani na kiatu kimoja, hadi leo hajui cha pili kilienda wapi. Wahudumu walisimama na sinia mikononi wakimsikiliza. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Leopards, mahasimu wa Gor, kwa hivyo hadithi hiyo kwetu ilisimuliwa kwa meno yaliyofungwa. Usiku ule ndio mara ya kwanza nimeisikia ikisimuliwa na mtu mwenye furaha.

Angekomea hapo ningekuwa naandika mambo mengine.

Mechi ikaanza, ya Ligi Kuu ya Uingereza, na wenye ukumbi wakafanya jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye: walizima sauti ya televisheni. Watangazaji wakawa bubu, mzee akaachiwa maikrofoni dakika zote tisini. Kila kipa alipompa beki wake pasi fupi, mzee alinguruma, "Huyo ni kipa ama ni kiungo? Piga mbele!" Beki akituliza mpira: "Toa nje! Toa nje tujipange!" Kijana wa watu akivaa glavu kwa sababu ya baridi: enzi zao walicheza kwenye matope ya kufika magotini na viatu vya kuazima, hakuna aliyelia baridi. Kubadilisha wachezaji watano, akasema, ni kulea uvivu. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, mara mbili za kwanza.

Kipindi cha pili, timu moja iko mbele kwa bao moja na dakika zinayoyoma. Kipa wao akaudaka mpira, akaulalia, akainuka polepole kama mtu anayeamka Jumapili, akautikisa mkono kuwaambia mabeki wapande. Kijana wangu akanishika kiwiko. "Anti, refa anahesabu." Kweli, refa alikuwa ameinua mkono, vidole vimetanuka, anaviondoa kimoja baada ya kingine. Filimbi. Kona.

Ukumbi ukalipuka, na aliyelipuka kuliko wote alikuwa mzee. Refa amelewa! Kona ya nini, mpira umetoka wapi? Hata kama kipa amechelewa, hiyo ni sekunde sita na ni frikiki ndani ya boksi, sijaona kona ya hivi tangu nizaliwe.

Mtoto akainua mkono. Akainua mkono kama yuko darasani! Mshereheshaji akaona hapa pana kichekesho kizuri, akamletea maikrofoni. Akasema kwa adabu, na nilikuwa karibu naye, nilisikia kila neno: samahani mzee, sheria imebadilika kuanzia msimu wa 2025/26, ni sekunde nane, refa anahesabu tano za mwisho kwa vidole, na kipa akizidisha wapinzani wanapewa kona.

Kimya kidogo. Kisha mzee akauliza: "Kijana, umecheza wapi wewe?"

Watu waliangua kicheko cha kugonga meza. Nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Nikasema mtoto amesema ukweli na yeye ni kipa. Mzee akaniangalia, akatabasamu lile tabasamu wanalompa mwanamke aliyeingia duka la vipuri, akasema, "Mama, mambo ya sheria tuwaachie waliocheza." Mshereheshaji akachukua maikrofoni yake haraka kabla sijaigusa.

Kijana hakulia. Alichukua mrija wa soda akaanza kuukunja, akaukunja tena, mpaka ukawa kitu kidogo kama punje ya mahindi, akakiweka kando ya sahani. Nyama yake hakuimaliza.

Sasa ndipo nikaelewa ubaya wa kuzima sauti. Kwenye skrini walikuwa wakirudia tukio lenyewe, mkono wa refa umekuzwa ukajaa ukuta mzima, na bila shaka watangazaji walikuwa wakieleza neno kwa neno alichosema mtoto wangu. Sisi tukaona midomo ya wachezaji na picha tu. Jamaa wa meza ya pili aliitafuta kwenye simu yake, akaniinamia akaninong'oneza, "Dada, ni kweli, ni sekunde nane." Akaninong'oneza! Mwanamume mzima mwenye kifua cha mbao anaogopa kumwambia mzee mwenye maikrofoni.

Na kinachoniuma ni hiki. Sheria ya kipa, mzee wangu, si ya jana wala juzi. Enzi zenu beki alikuwa akimrudishia kipa mpira, kipa anaudaka kwa mikono, anaudundisha, anauviringisha, anamrudishia beki, beki anamrudishia tena, na saa inakwenda. Ndiyo maana ilipofika 1992 wakamkataza kipa kuushika mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Makipa wakalazimika kujifunza miguu. Na tangu 2019 mpira wa goli, ule wa kuanzisha mchezo kutoka langoni, hauhitaji tena kutoka nje ya boksi ndipo mchezaji mwingine auguse, basi pasi fupi ile unayoizomea ilifunguliwa mlango na sheria yenyewe. Hizo sekunde sita alizozitaja ni kweli zilikuwepo, na adhabu ilikuwa hiyo hiyo frikiki, lakini marefa walikuwa wakifumba macho. Kwa hivyo hakukosea kukumbuka. Alikosea kudhani dunia ilisimama siku aliyotundika glavu.

Hata ile ya Harambee Stars, timu yetu ya taifa, aliiharibu. Agosti 2025, CHAN, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za nyumbani, sote tunaikumbuka: Kasarani, Ryan Ogam anaifunga Morocco, tunapata kadi nyekundu kabla ya mapumziko, tunacheza kipindi kizima cha pili tukiwa kumi na tunashinda 1-0. Morocco hao hao ndio baadaye waliolibeba kombe. Mzee akasema huo ulikuwa moyo, moyo tu, kama wa zamani. Mimi nilikuwa nikiitazama sebuleni, na nilichokiona ni watu kumi wanaojua kila mmoja asimame wapi. Kocha wao, Benni McCarthy, hakuwafunza moyo. Lakini haya niliyasema nikiwa kwenye matatu, hakuna aliyenisikia isipokuwa kondakta.

Baada ya mechi nilimtafuta meneja. Kijana wa tai nyembamba, mpole, ana jibu lililokwisha kukaririwa. "Mama, hayo ni maoni ya mchambuzi. Sisi tunauza chakula na skrini." Nikamvuta mpaka getini nikamwonyesha bango. Uchambuzi wa kitaalamu, wameliandika wao, kwa herufi nyekundu. Akasema atalifikisha kwa wakubwa. Akatupa soda mbili za bure. Nilizikataa, halafu nikazichukua, kwa sababu nilikuwa nimelipa.

Hadi hapo ilikuwa nyota moja, na hiyo moja ni ya mbuzi.

Lakini tulipokuwa tunatoka, mtoto akaenda kunawa mikono na akakawia. Nikamfuata. Nikamkuta sinkini na mzee. Nikajiandaa kwa vita, nakwambia, hata mkoba nilishaubadilisha bega. Mzee alikuwa ameivua ile kofia, ameishika mikono ya mtoto yote miwili, maji bado yanadondoka, anavisogeza vidole gumba mpaka vinakaribia kugusana. "Mpira wa juu, vidole gumba visalimiane. Ukiviacha mbali hivi, unapita katikati, unajifunga mwenyewe." Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kimepinda, kimeelekea nje kama tawi. Akaikunjakunja kofia ikawa donge, akamrushia. Mtoto akaidaka. Akamrushia tena, juu zaidi. Akaidaka.

Kisha akasema, bila kumtazama, "Sekunde nane, eh?"

"Ndiyo, mzee."

"Ni chache."

Hakuomba msamaha. Ningependa nieleweke hapo: hakuomba. Ukumbi mzima ulimcheka mtoto kwenye maikrofoni, na la kumtengeneza likasemwa chooni, bila shahidi isipokuwa mimi. Akanipita, akaniambia, "Mama, kijana ana mikono," akaenda zake. Nilikuwa na maneno kama arobaini tayari na hakuna hata moja lililotoka.

Nyota mbili basi. Au tatu, sijui. Ya tatu ningewapa kama wangefungulia ile sauti ya televisheni. Ukienda, usikae karibu na spika, na agiza nyama kabla mechi haijaanza. Bango jipya limeshawekwa, mzee yule yule, na kuna mtu hapa nyumbani anaulizia kila jioni kama nimelipa. Ukuta wa nyuma wa ploti yetu haupumziki siku hizi, mpira wa juu, mpira wa juu, na mwenye nyumba ameshanipigia simu mara mbili.