Bizimu la Lulu Iliyopinda: Mbona Silichoki?

Haya jamani, karibuni tena. Leo hakuna simu wala spika, kuna hiki kidude, bizimu, pambo la kubana nguoni. Subirini kamera itulie... hapo hapo. Mnamwona? Batamaji wa dhahabu, na mwili wake wote ni lulu moja. Tena lulu yenyewe haina upande hata mmoja wa duara: huku imebonyea, kule imevimba, hapa ina mkunjo kama paja la mtoto mnene.

Chaza anavyotengeneza lulu mnajua, siyarudii. Ila ile hadithi kwamba lulu huanzia kwenye chembe ya mchanga ipunguzeni. Mara nyingi chanzo ni kidudu au jeraha ndani ya chaza. Lulu ikibanwa na msuli wa chaza, inatoka hivi. Lulu iliyopinda hivi Wareno waliiita barroco.

Sasa tazameni, naizungusha polepole. Hivi, bawa. Nikigeuza kidogo, bawa limepotea, ni nundu tu. Sonara hakuchora bata halafu akatafuta lulu! Aliishika lulu, akaigeuzageuza mpaka bata akajitokeza. Na kifuani hapa, sogeza kamera, kulikuwa na kovu. Akalivisha kola ya enameli, ile rangi ya kioo iliyoyeyushwa juu ya chuma. Mjanja huyo! Halafu mng'ao: kwenye hili bonde unaona waridi, kijani, kisha fedha. Lulu za mkufu kazi yao kufanana. Huyu hana pacha.

Nikimgeuza mgongoni, hasira zinarudi. Muuzaji aliniapia pini ni ya tangu mwanzo. Hii gundi je? Na bei ile! Nilitaka kumrudisha, nikamwangalia tena bata, basi, nikanyamaza.

Mmeuliza sana kwenye maoni: utajuaje ni ya zamani kweli? Hata mabingwa wameteleza. Pale London, jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kuna kito kiitwacho Canning Jewel, mtu-samaki mwenye kiwiliwili cha lulu. Alihesabiwa wa karne ya 16, leo wanaona huenda ni wa karne ya 19. Mimi bado ningemtazama siku nzima. Wapinzani wake wako Dresden, Ujerumani, kwenye hazina ya Augustus the Strong, mtawala wa zamani wa Saxony: vijitu vya kuchekesha, matumbo ya lulu. Nawapenda, lakini vimejazwa vito mpaka lulu inamezwa.

Jaribio la jino? Isugue lulu taratibu kwenye meno: lulu inakwaruza kama mchanga laini, plastiki inateleza. Ila jino halitakwambia kama chaza alifugwa au la. Hapo ni eksirei. Na manukato jipulizieni kwanza, yakauke, ndipo mvae. Lulu ni laini, na asidi inaila.

Wiki ijayo nafungua bangili yenye lulu ishirini na moja, kwa hiyo jiungeni na chaneli kabla sijasahau kuwaomba. Msitoke lakini, ngoja nimgeuze mara moja tena, kuna bonde chini ya mkia sijawaonyesha.