Walinibadilishia sensa iliyokuwa inasema kweli

Nilijizuia kuandika, lakini jana taa ya injini imewaka tena na hasira zangu zimerudi nayo.

Gereji siitaji jina. Ni moja ya hizi za kisasa hapa Dar: sakafu ya vigae, kiyoyozi ofisini, mashine ya kupimia yenye kioo kikubwa kama sinia. Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE. Sailensi (mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, hujakanyaga mafuta) ilikuwa inapanda na kushuka, ukikanyaga mafuta ghafla inasita. Kijana akachomeka mashine chini ya usukani, ikatoa kodi, yaani namba ya kosa, P0171. Hii kodi (si ile ya TRA, ingawa mfuko unauma vilevile) inasema jambo moja tu: hewa imezidi mafuta, na kompyuta imeongeza mafuta mpaka imefika kikomo cha kurekebisha. Haijataja kifaa kibovu. Ni mlalamikaji amefika mahakamani, kesi bado haijasikilizwa. Yeye akatoa hukumu palepale: "Oksijeni sensa imekufa, bosi," yaani kifaa kinachopima oksijeni kwenye ekzosi.

Nikamwomba afungue ukurasa wa data injini ikiwa inanguruma, tuone kwanza. Akanijibu, "Kompyuta imeshasema. Unabishana na kompyuta?" Wenzake wakacheka. Nikalipa laki mbili na ushee.

Sasa, kwa anayekwenda kupima gari, hiki ndicho nilichokuwa nakiomba. Sensa ya mbele ya oksijeni, ikishapata moto, hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikiganda karibu na 0.1, maana yake inaona oksijeni nyingi kwenye ekzosi. Inaweza kuwa mbovu, na inaweza kuwa inasema ukweli mtupu. Kuipima ni dakika moja: injini ikiwa sailensi, puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa (mbali na ekzosi yenye moto, usije ukachoma gari). Volti zikiruka hadi 0.8 au 0.9, sensa ni nzima. Iache.

Halafu angalia asilimia ya marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, uzijumlishe. Soma ikiwa sailensi, kisha shikilia mzunguko 2500 kwa dakika usome tena. Jumla ikiwa 25 au 30 kwenye sailensi, kisha ikashuka hadi 5 au chini ya hapo kwenye 2500, kuna hewa inaingia kwa wizi, baada ya sensa ya hewa (ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini). Tundu ni lilelile, ila injini ikivuta hewa nyingi ule wizi unakuwa sehemu ndogo. Ikiwa kinyume, yaani inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, shuku pampu ya mafuta, filta, au sensa ya hewa yenye vumbi. Waya wake ukivaa vumbi unahesabu hewa pungufu, na kompyuta inatoa mafuta kwa hesabu hiyohiyo ya uongo. Dawa yake ni ya kupuliza, maalumu kwa sensa hiyo. Usiisugue kwa kitambaa, waya wenyewe ni mwembamba kama unywele.

Leo asubuhi nimemulika kwa tochi mpira wa hewa unaotoka boksi la filta kwenda kwenye throto (mlango wa hewa wa injini). Umepasuka upande wa chini, ndani ya mikunjo, pasipoonekana ukisimama juu. Injini ikitikisika unafunguka. Mpira tu, jamani! Na klampu mbili.

Nisiwaonee, mashine yao ni nzuri kweli. Inasoma kila kitu nilichokitaja hapo juu, na bei ya kupima tu ni ya haki. Ungeniuliza juzi ningesema nenda, kapime, omba kuona data, ukatengeneze kwingine. Nyota tatu.

Ila nimekumbuka: yule kijana alifuta kodi kabla hata ya kugusa sensa. Ukifuta, unafuta pia kumbukumbu ya hali ya injini pale kosa liliponaswa, yaani joto, mzunguko na mzigo, na marekebisho yote ambayo kompyuta imejifunza yanarudi sifuri. Ndiyo maana gari lilitoka pale halina taa, kila mtu anatabasamu. Kosa la aina hii kompyuta hulisubiri lijirudie kwenye safari ya pili ndipo iwashe taa, na wakati huo wewe uko kwako na wao wameshapokea pesa. Kufuta ni kazi ya mwisho, baada ya kutengeneza. Mtu mwenye mashine ya bei ile asiyejua hilo, nyota moja inamtosha. Hata hiyo ni ya kiyoyozi.

Nimewapigia kuulizia sensa yangu ya zamani. Eti ilitupwa. Kama kuna aliyeuziwa pale "mtumba safi wa Japani" siku hizi za karibuni, asiwe na wasiwasi: ile ni nzima kabisa.