Nimelipia nafasi ya maboksi, raba zikaja kwenye kiroba

Mwenye haraka asome sentensi hii tu: huyu wakala wa mizigo ya Guangzhou mwenye ofisi hapa Moshi mjini, msimpe raba zenu. Asiye na haraka akae, maana nina mengi, na naweza nikafika katikati nikamsifia. Hasira zangu hazina mpangilio.

Nauza raba mpya. Mtumba tunao soko la Memorial hapa Moshi, na mwenye jicho zuri anaokota kule kiatu cha maana kwa bei ambayo mimi siwezi kushindana nayo. Ndiyo maana boksi kwangu ni mali. Raba ikikaa mezani bila boksi, hata kama imetoka kiwandani juzi, mteja anaigeuza soli, ananitazama, "Hii umeitoa Memorial eh?" Hapo bei imeshashuka kabla sijafungua mdomo. Sasa weka na Desemba juu yake. Wa huku mnaijua Desemba yetu: watu wanapanda nyumbani kutoka Dar na kila mahali, kila mtu ana mpwa wa kumvisha, ana baba mkwe wa kumpelekea kitu. Nani anampelekea baba mkwe raba iliyoviringishwa kwenye gazeti?

Kwa hiyo niliwaandikia mapema: maboksi yabaki. Wakajibu, "Sawa mama, yatabaki, ila utalipia ujazo." Nikakubali, na ujumbe ninao mpaka leo.

Wanaoanza biashara hii hapa ndipo wengi wanapolia, kwa hiyo niwaeleze. Mzigo wa ndege haupimwi kwa mizani peke yake. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, wanagawa kwa 5,000 au 6,000, halafu unalipia kilo zile zilizo kubwa kati ya hizo na za mizani. Boksi la kawaida la raba, tuseme 33 kwa 21 kwa 12, linatoa 8,316. Ukigawa kwa 6,000 unapata karibu kilo 1.4. Ukigawa kwa 5,000 ni karibu kilo 1.7. Raba nyepesi na boksi lake mizani inaweza isisome hata kilo moja! Muulize wakala anagawa kwa ngapi kabla hujatuma hata shilingi, na aandike. Akikwambia "usijali dada, tutaelewana," jali.

Basi. Nililipia ujazo, boksi kwa boksi, kama tulivyokubaliana. Mzigo ukachelewa kidogo, sikununa, najua msongamano wa mwisho wa mwaka. Nikapigiwa simu nikachukue. Nafika, naonyeshwa viroba. Viroba! Raba zimefungwa mbili mbili kwa nailoni, zimeshindiliwa kama mahindi, nyingine pua imebonyea, nyingine kisigino kimekunjika kwa ndani. Boksi hata moja hakuna.

Kaunta alikuwepo kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Shikamoo haikutoka, nikasema si neno, mjini siku hizi ndivyo. Nikamuuliza kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, maboksi yako wapi?" Akamalizia kwanza alichokuwa anakitazama kwenye simu. Kisha akasema, na wateja wengine wamesimama pale wanasikia:

"Mama, kwani mguu unavaa boksi?"

Watu wakacheka. Hata mzee mmoja aliyekuja kuchukua vipuri vya pikipiki alicheka, na mimi nikawa natafuta pa kuangalia. Nikamwonyesha ule ujumbe. Akasema walioko China ndio wanaofungasha, yeye ni wa kukabidhi tu. Nikamwambia sawa, basi nirudishie hela ya ujazo, kwa sababu viroba hivi mkivipima sasa hivi havifiki hata nusu ya kilo mlizoniandikia. Akanijibu ankara imeshatoka.

Hicho ndicho kinachonitoa usingizini. Vipimo vilichukuliwa ghalani maboksi yakiwa mazima, nikatozwa kwa hivyo. Halafu kuna mtu akayatoa, mzigo wangu ukanywea, ndege ikapaa. Ile nafasi iliyobaki alipakiwa nani? Na huyo naye alilipa? Maana kama alilipa, sehemu moja imeuzwa mara mbili, na muuzaji wa kwanza kucheka ni huyu kijana wa "mguu unavaa boksi".

Haya, sasa nitende haki, kwa sababu kuna dada wa ghalani upande wa Guangzhou ambaye sitaki ahesabiwe kwenye kundi hili. Yule anafanya kazi. Mzigo ulipofika kwake alihesabu pea zote, akanirekodia video, akaona kuna namba hazilingani na oda yangu akanitumia sauti ya Kiswahili kizuri kuliko cha hapa kaunta. Yeye ndiye aliyemrudishia muuzaji pea ambazo mimi nisingeziuza mpaka nizeeke. Namba 42 ya hesabu ya kawaida ya Kichina ni milimita 260: unachukua namba, unaongeza 10, unazidisha kwa 5. Namba 42 ya Nike ya wanaume imeandikwa sentimita 26.5. Mteja wa Moshi anajijua ni 42 kwa sababu ya Nike ya mtumba aliyoivaa miaka mitatu, akija kwako vidole vinagoma. Agizeni kwa sentimita, na mwombeni muuzaji apige picha rula ikiwa juu ya soli ya ndani. Dada yule alipima bila kuombwa.

Na pea hazikupotea. Hilo nalikiri, zote zilikuwemo ndani ya viroba vile. Kuna mawakala wengine unapoteza tatu nne ukauliza mpaka ukachoka. Kwa hiyo nilikuwa nimeanza kulegea, nikawaza nyota tatu. Hata bei yao ya kilo, ambayo ushuru umo ndani, siyo mbaya.

Ila nikaomba risiti. Huo ushuru uliomo ndani umelipwa kwa jina la nani? Karatasi za forodha zimejaa mizigo ya watu wengi kwa pamoja, jina langu halipo. Akipita mtu wa TRA dukani kwangu nimwonyeshe nini, viroba? Mimi nauza Anta na Xtep, chapa za Kichina zenye wenyewe. Siuzi kopi za Putian, ule mji wa China unaosifika kwa viatu vya kughushi, kwa sababu Tume ya Ushindani ikikukuta na nembo ya kughushi inabeba mzigo na kwenda kuuteketeza. Najitahidi kuwa safi, halafu karatasi pekee niliyopewa ni ankara ya kilo za maboksi ambayo hayapo. Nyota tatu zikarudi mbili.

Raba zenyewe nimeziuza nyingi. Zilizobonyea nilijaza magazeti ndani, nikaziacha siku kadhaa, nyingi zimerudi. Zenye kisigino kilichokunjika hazirudi, zile nimeuza kwa bei ya kugawa. Kuna mama wa Kibosho alitaka pea za wajukuu wake, akaniuliza boksi, nikaanza kumweleza habari za ujazo, akaniangalia kama mtu anayesingizia ndege. Akaondoka na moja tu.

Juzi ofisi wamenitumia ujumbe. Wananipunguzia kwenye mzigo ujao, "kama shukrani kwa uvumilivu wako mama." Uvumilivu gani? Nikawajibu sitaki punguzo la mzigo ambao haupo, nataka hela ya ujazo ambao haukusafiri. Wamesoma. Kimya.

Na mzigo wa Pasaka itabidi niuagize hivi karibuni, na wakala mwingine ninayemjua hana mtu kama yule dada wa ghalani. Ndiyo, huenda mtaniona tena kwenye ile kaunta, msinicheke. Safari hii nitaomba raba zipakiwe bila maboksi tangu mwanzo, zipimwe bila maboksi, na maboksi niyatengenezeshe hapa hapa mjini. Hesabu inaweza hata kuwa nafuu.

Wekeni nyota mbili. Au hapana, wekeni moja mpaka waniambie pale penye maboksi yangu alipakiwa nani.