TAHADHARI: kuna mtu anauza "kiboksi cha kuzima kelele" za antena za juu ya motohomu, msimpe hela

Jamani wenye motohomu, yale magari yenye kitanda na jiko ndani, nisikilizeni kabla hamjatoa hela yenu. Kuna mtu anazunguka anauza kiboksi cheusi cha plastiki chenye taa ya bluu, anasema ukikifunga juu ya paa karibu na antena kelele zote zinaisha, za upepo na za kwenye redio. Mimi nimepigwa, na sio hela tu, paa langu limetobolewa na maji yameingia ndani mpaka godoro likalowa. Jina la mtu huyo silitaji maana majina anabadilisha na namba za simu anabadilisha, bora niwaeleze anavyofanya kazi, mkikutana naye mtamjua tu.

Gari langu lilikuwa na kelele mbili. Ya kwanza barabarani, nikishafika kilomita 80 kwa saa hivi juu kunaanza kulia mluzi mwembamba, ukiongeza spidi mluzi nao unapanda, ukipunguza unashuka, masaa matatu ya hivyo kichwa kinauma kabisa. Ya pili mchana tukiwa tumeegesha, redio inakoroma zzzzz na picha ya tivi inakatika vipande vipande. Mimi nilidhani ni ugonjwa mmoja, antena mbovu basi. Na hapo ndipo aliponikamatia.

Nilimpigia, akasema bosi wangu hilo dogo sana, kifaa kinanyonya mtetemo na mawimbi mabaya kwa pamoja. Hakuniuliza nina antena ya aina gani, hakuniuliza kelele inatokea saa ngapi, gari likitembea au likisimama, hakuuliza chochote. Aliuliza kitu kimoja tu, nitalipa lini, maana kimebaki kimoja na kuna mtu mwingine anakitaka. Nikatuma hela yote kabla hajaja.

Akaja jua limeshazama. Akapanda juu, dakika ishirini hazikufika, nasikia drili tu, nikatoka nikamkuta ameshatoboa matundu manne na anapaka silikoni ya kawaida ile ya bafuni. Akashuka akaniambia nizime inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, eti kwa usalama, tukawasha redio, kimya kabisa, safi. Tukazunguka na gari pole pole, nadhani hatukuzidi kilomita 30, hakuna mluzi. Taa ya bluu inawaka kule juu. Nikamshukuru kwa moyo wote nikamuongezea na ya nauli.

Ni baadaye nilipokaa nikafikiri ndio nikaelewa. Jua likizama sola hailishi, kwa hiyo kontrola ya sola, kile kifaa kinachopeleka umeme wa sola kwenye betri, imepumzika na haitoi kelele. Inveta kanizimisha mwenyewe. Na kwa spidi ile hata ungekuwa na fimbo za antena ishirini juu ya paa usingeusikia mluzi ule. Yaani huyu mtu anajua vizuri kelele inatoka wapi, anajua kuificha kwa nusu saa, na hicho ndicho kinachoniuma zaidi, maana angetaka angeweza kunitengenezea kwa haki na ningemlipa vile vile.

Kesho yake kwenye barabara kuu mluzi uko pale pale. Mchana redio inakoroma kama jana. Nikampigia, akasema kifaa kinahitaji siku 7 kuzoea gari. Baada ya siku 7 akasema gari langu ni refu linahitaji busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi ya antena, nitume hela nyingine. Nilipokataa akaniblok.

Halafu ikanyesha usiku mzima. Asubuhi mke wangu ananiita, dari juu ya kitanda lina doa la kahawia kama sahani na upande wake wa godoro umelowa. Nikapanda juu, silikoni imebanduka pembeni, unaiinua kwa ukucha kama ganda la kidonda. Paa langu ni la raba, EPDM, na silikoni ya kawaida haishiki vizuri kwenye raba hiyo, halafu ikishapakwa inaacha mafuta yake na kitu kingine ukipaka juu nacho hakishiki mpaka uikwangue yote. Ilinichukua siku mbili kuikwangua kwa plastiki ili nisichane raba, na sikutumia petroli wala thina maana zinaivimbisha na kuiharibu. Nikaziba kwa tepu ya butili, ile laini inayonata kama ubani, chini na juu yake silanti, yaani dawa ya kuzibia, ya paa la raba yenyewe. Kabla hujamruhusu fundi yeyote kutoboa, muulize paa lako ni la nini na atazibia nini, akijibu silikoni tu mwambie ashuke.

Kiboksi chenyewe nikakifungua kwa bisibisi mezani. Ndani kuna taa moja ya LED, rizista moja, waya mbili za betri, na kipande cha chuma kimezamishwa kwenye gundi ya moto ili ukishika usikie kizito. Basi. Waya wa antena haupiti ndani wala haukigusi. Kinakula umeme wa betri kuwasha taa, kazi nyingine hakina.

Sasa niwaambie kelele zenyewe nilizimaliza vipi, ili msije mkahitaji mtu kama huyu. Mluzi ni upepo. Hewa ikipita kwenye fimbo nyembamba inaachia vizunguko nyuma yake, mara kushoto mara kulia kwa mpigo, na mpigo huo ndio sauti. Fimbo ya unene wa milimita 5 ukienda kilomita 90 kwa saa inalia kwenye hezi 1,000 hivi, na ikiwa nyembamba zaidi inalia juu zaidi. Dawa yake ni kuvunja huo mpigo, unazungushia kamba nyembamba kama hesi ya skrubu kutoka chini mpaka juu, mimi niliacha kama sentimita 2 kati ya mzunguko na mzunguko, gundi mwanzo na mwisho. Angalieni antena nyingi za magari madogo, ule mzunguko juu ya fimbo umewekwa kiwandani kwa sababu hiyo hiyo. Kama hujui ni ipi inalia, laza au ng'oa moja moja uende barabarani. Na kama sauti ni ya kugongagonga sio mluzi, angalia antena ya tivi ya kukunja inapolala, bandika sponji ngumu chini yake na kaza bolti, hiyo haina maneno mengi.

Kukoroma kwa redio ni umeme, hakuhusiani na upepo hata kidogo. Washa redio, iweke AM mahali pasipo na stesheni, halafu zima kitu kimoja kimoja: chaja, inveta, taa za LED, kontrola ya sola. Kwangu ilipozimwa kontrola kelele ikapungua sana, na inveta ikamaliza iliyobaki. Na msikubali kuuziwa busta kwa tatizo hili, busta inakuza stesheni na kelele pamoja. Nilichofanya nilisogeza waya wa antena mbali na waya za sola, nikabadilisha kiungio cha juu kilichokuwa na kutu ya kijani, na nikapitisha waya za kontrola mara tatu ndani ya pete ya feraiti, ile pete nyeusi ya kuzuia kelele za umeme kwenye waya. Ukipitisha mara tatu nguvu yake ni karibu mara tisa ya kupitisha mara moja, kwa hiyo pete moja kubwa ni bora kuliko vibana vingi vidogo vya feraiti ambavyo waya unapita mara moja tu.

Ila na hapo muwe macho, maana nasikia huyu huyu sasa anauza na feraiti. Feraiti ya kweli ni kama kigae, ngumu, ya kijivu cheusi, sumaku inaishika lakini ukiikwangua kwa tupa haing'ai kama chuma, na ikianguka sakafuni inavunjika kama kikombe. Haina waya wa betri, haina taa. Ukiona feraiti yenye taa rudisha.

Mwenzangu mmoja kaniambia wiki hii kafuatwa na mtu mwenye maneno yale yale, kimebaki kimoja, lipa kwanza, nitakuja jioni, ila kiboksi sasa kina taa ya kijani. Akiwafuata mwambieni aje saa sita mchana jua likiwa kali, inveta iwe imewashwa, na majaribio yafanyike barabara kuu kwa spidi yenu ya kawaida, hela baada ya hapo. Mwenzangu alimwambia hivyo, jamaa akakata simu.