Rangi ya kabati za jikoni: kabla ya kulipia kopo jeupe, soma hapa

Malalamiko ninayoletewa kuhusu kabati za jikoni karibu yote yanafanana: dada, nilizipaka nyeupe pe, mwaka haujaisha zimekuwa njano. Na kila mmoja ana mshtakiwa wake. Moshi wa jiko. Mafuta ya kukaangia. Dada wa kazi hafuti vizuri.

Mwacheni dada wa kazi. Fungua kabati, angalia mgongo wa mlango, kule mvuke wa sufuria usikofika. Mara nyingi huko ndiko kulikokolea njano kuliko mbele. Ingekuwa moshi, mambo yangekuwa kinyume. Mkosaji ni rangi ya mafuta yenyewe. Kinachoishikilia kwenye mbao hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, kama ya soya au kitani, na mafuta hayo yakiendelea kukauka huzaa unjano. Mwanga huufifisha, giza huulea. Ukiongezea sabuni ya vioo yenye amonia, unaharakisha.

Kwa hiyo hapa napanga rangi kwa kigezo hicho kimoja, unjano. Mng'ao na majina matamu ya rangi utaelezwa dukani, tena kwa kirefu.

Namba moja ni enameli (rangi inayokauka ikawa ngumu) ya maji ya akriliki. Haina mafuta yale, nyeupe yake hubaki nyeupe. Nasema wazi kwamba mimi ni mpenzi wa rangi za kampuni ya Plascon, na hakuna anayenilipa: enameli yao ya Velvaglo ndiyo ninayoitafuta kwanza. Lakini chunga, Velvaglo ipo ya mafuta na ya maji, na jina ni hilo hilo. Geuza kopo usome maelezo ya kuosha brashi. Wakisema maji, beba. Wakisema tapentaini, rudisha kwenye rafu hata kama muuzaji ameshaandika risiti.

Usichanganye enameli hii na rangi ya maji ya ukutani. Ile ya ukutani hubaki laini, na kwa joto la Dar mlango hugandana na fremu. Siku ukiuvuta, rangi inabanduka.

Enameli ya maji ina masharti yake. Vanishi ya zamani inayong'aa haishiki kitu, kwa hiyo osha mafuta kwanza kwa sabuni kali, suuza, ikauke, ndipo upige msasa namba 180 mpaka mng'ao ufe. Ukianza na msasa unayasugulia mafuta ndani ya mbao. Kabati za mbao nyekundu kama mninga huweza kupenyeza rangi yake kwenye nyeupe, nawe ukadhani nimekudanganya. Hapo tanguliza praima (rangi ya chini) ya mafuta ya kuzuia madoa; ikishafunikwa, unjano wake haukuhusu. Halafu vumilia. Kugusika inagusika siku hiyo hiyo, ila kukomaa huchukua wiki kadhaa, na kwenye unyevu wa pwani zaidi. Usiisugue kabla ya hapo.

Namba mbili ni poliyurethani ya makopo mawili, rangi na hadina yake, dawa ya kuigandisha iwe ngumu. Ni ngumu kweli kweli, na ukichukua hadina isiyogeuka njano (uliza, zipo zinazogeuka) utasahau habari ya kupaka upya. Nimeishusha kwa sababu hadina ina isosianeti, hatari kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Usiruhusu fundi aipulize jikoni kwako huku watoto wapo sebuleni. Ng'oa milango ipelekwe karakana.

Namba tatu, rangi ya mafuta. Kijani kibichi, kahawia, buluu nzito: sawa, hutaona tofauti. Nyeupe, hapana. Milango iliyokwisha kuwa njano ukiianika penye mwanga siku kadhaa hupauka kidogo, kisha ukiirudisha gizani unjano nao unarudi.

Stika za kubandika ni za nyumba ya kupanga. Tuendelee.

Kinachoniudhi ni maduka. Kariakoo unaingia ukiomba enameli ya maji, unaambiwa rangi ya maji ni ya ukutani, mama, chukua hii ya mafuta, inadumu. Inadumu ndiyo, njano. Ukishikilia msimamo unaletewa lita nne, kwa sababu lita moja "imeisha" au mashine ya kuchanganya rangi haikubali kopo dogo. Jiko dogo la nyumba zetu halimalizi lita nne. Na hiyo lita moja ikipatikana, zidisha bei yake mara nne, linganisha na ya lita nne, uone unavyoadhibiwa kwa kuwa na jiko dogo. Kisha wanakutupia chupa ya thina bure, kama nyongeza ya mchicha, kwa rangi isiyohitaji thina. Ipokee. Itakufaa kwenye brashi za ile praima.