Mahabharata iliyoishia njiani

Toleo fupi la Mahabharata, utenzi wa kale wa India, nililonunua lina jalada gumu na picha za rangi. Linaishia Yudhishthira, mkubwa wa ndugu watano, akitawazwa Hastinapura, mji mkuu wao, baada ya kuwashinda binamu zao katika vita vya siku 18, watu wakishangilia. Nikaliweka kabatini, nikijua nimemaliza. Kumbe vitabu vitatu vya mwisho, kati ya 18 vya utenzi huu, vimeachwa vyote.

Nimevisoma baadaye katika tafsiri ya Kiingereza ya Kisari Mohan Ganguli, iliyotolewa Calcutta kuanzia 1883 hadi 1896, na sasa inapatikana bure mtandaoni. Kiingereza chake ni cha kizamani na kinachosha. Mtu mmoja ana majina matano. Ilibidi niwe na karatasi pembeni ya kuandika nani ni nani. Lakini Ganguli hakuuogopa mwisho.

Miaka 36 baada ya vita, ukoo wa Krishna, mungu aliyezaliwa mtu na rafiki wa ndugu hao, unauana wenyewe kwa wenyewe, Krishna anapigwa mshale wayoni na mwindaji aliyemdhania mnyama, bahari inaumeza mji wake wa Dwaraka. Arjuna yule yule, mdogo wake Yudhishthira na mpiga mishale hodari wa vita vile, anahangaika kuupinda upinde wake, na wanyang'anyi wanawachukua wanawake akiwaona.

Kisha safari ya mlimani: ndugu watano na Draupadi, mke wao wa pamoja, wanaacha ufalme na kupanda Himalaya. Mimi ni kifungua mimba, nimeshawazika wadogo zangu wawili, kwa hiyo hapa nilisoma polepole. Anaanguka na kufa Draupadi, anafuata Sahadeva, Nakula, Arjuna, mwisho Bhima. Kila mmoja akianguka, Yudhishthira anataja kosa lake na kuendelea na njia, hageuki nyuma. Nilimchukia. Halafu Indra, mfalme wa miungu, anamletea gari la kumpeleka peponi, naye anagoma kupanda kwa sababu mbwa aliyewafuata tangu nyumbani haruhusiwi. Nikasema, mbwa, na ndugu zako je?

Jibu limo katika kitabu cha 18. Anafika peponi, anamkuta Duryodhana, adui yao, ameketi kwa fahari. Anawaulizia ndugu zake, pamoja na Karna, kaka yao wa mama mmoja aliyepigana upande wa adui. Anapitishwa njia ya giza, uvundo, nzi, nywele na nyama za maiti, mpaka anashindwa na kugeuka. Ndipo sauti zinamsihi asiondoke, maana alipokuja yeye umekuja na upepo unaowapoza. Anauliza, ninyi ni nani? Mimi Karna. Mimi Bhima. Mimi Arjuna. Anamwambia mjumbe arudi kwa waliomtuma. Yeye anabaki hapo hapo.

Baadaye anaelezwa kuwa ilikuwa kiinimacho, malipo ya hila aliyomfanyia mwalimu wao Drona vitani, na motoni pale panatoweka. Kwangu maelezo hayo yanakuja upesi mno, na hayaiondoi ile sauti ya Bhima gizani.

Ukikosa muda wa vitabu vyote, anza na cha 16 hadi cha 18. Kwa Ganguli ni sura 17 tu. Nilizimaliza usiku mmoja. Lile toleo la picha nimempa mtoto wa dada yangu. Kwanza nilizichapisha sura hizo 17 stesheneri na kuzigandisha kwa gundi baada ya picha ya kutawazwa.