Duka la leso Biashara Street: kabla hujachagua, unaulizwa "ni ya nani?"

Kila Desemba nateremka Biashara Street, Mombasa, na karatasi yenye majina ya wanawake wa kwetu Wundanyi: mama, nyanya, shangazi wawili, wifi, na mama jirani aliyetulisha tulipokuwa wadogo na mama yuko kibaruani. Wanawake sita, doti sita za leso (kanga), kila doti leso mbili. Mwaka huu ni wa nne nanunua duka lilelile, lile dogo la upande wa Digo Road lenye benchi moja ndani.

Maduka ya leso mtaa ule yamepangana na bei zake zinakaribiana. Kinachonirudisha hapa ni swali. Ukigusa leso tu, mzee mwenye duka anauliza, "Ni ya nani, mwanangu?" Ukimwambia ni ya shangazi, anataka kujua shangazi yupi, mna mazungumzo gani, anapenda rangi iliyoiva au iliyopoa. Ndipo anapanda ngazi.

Nalithamini swali hilo kwa sababu 2019 nilinunua kwingine mbiombio, nikaangalia rangi peke yake. Shangazi mkubwa nikampa ya zambarau nzuri sana, jina lake "Hasidi hana sababu". Mwaka huo yeye na mama walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Aliisoma, akaikunja, akasema ahsante kwa sauti ndogo, na sikumwona akiivaa. Nilipotambua nilimwendea nikamwambia ukweli, kwamba sikusoma. Akaniambia, "Leso, mwanangu, haisomwi na aliyeivaa. Husomwa na anayemfuata nyuma."

Safari hii nilimsimulia mzee habari hiyo yote. Alinyamaza kidogo, akashusha tatu, akazikunjua juu ya meza ili nione mji (ile sehemu ya katikati), pindo na jina kwa pamoja. Kwa shangazi huyo tukachukua ya kijani na nyeupe yenye michoro ya korosho, "Wema hauozi". Ya mama haikutusumbua: "Nani kama mama". Kwa wifi, ambaye amemaliza ualimu na bado anangoja kazi, nilitaka "Japo sipati tamaa sikati". Mzee hakukataa, ila aliniambia nimpe mkono kwa mkono, nimweleze ninachomaanisha, asije akaona anahurumiwa. Ushauri huo hauna bei.

Bei basi. Doti ya pamba tupu nilitoa shilingi 700, na ya mchanganyiko ni 450. Chukueni pamba. Ile nyingine inang'aa dukani lakini hainywi maji, na kwa mama anayeifunga kiunoni jikoni au kubebea mjukuu, inateleza. Pamba nayo huja na wanga mwingi, ngumu kama karatasi, hivyo mwambieni mtakayempa aifue kwanza na asiichanganye na nguo nyingine. Nyekundu niliyonunua mwaka jana ilichuja ikapaka shuka mbili za mama. Hilo nalihesabu kasoro, na mzee mwenyewe alikiri kwamba nyekundu ndiyo yenye matatizo.

Kasoro nyingine ni foleni ya fundi. Doti huuzwa ikiwa kipande kimoja, na fundi aliye barazani huikata na kupinda kwa shilingi 50. Wiki ya Krismasi nilikaa saa mbili na nusu. Nendeni kabla ya tarehe 18, na Ijumaa msifike adhuhuri kwa sababu wanafunga mpaka swala iishe. M-Pesa wanapokea. Karatasi za zawadi hawana, na sioni kama zinahitajika.

Nilipokuwa nangoja, mzee alinieleza kwa nini sisi wa Mombasa twasema leso na wenzetu wa kusini wasema kanga. Husimuliwa kwamba wanawake wa zamani walinunua vitambaa vya mkononi, vile Wareno walivyoviita lenço, vikiwa bado vimeungana kwenye jora, wakakata sita na kuviunganisha kwa safu mbili za vitatu vitatu. Nimevaa leso maisha yangu yote na sikuwahi kuisikia hiyo.

Nilipanda treni ya asubuhi Miritini hadi Voi, begi limejaa leso kuliko nguo zangu, kisha matatu ya kupanda milima. Krismasi tulipotoka kanisani nilizigawa uani. Shangazi mkubwa alisoma yake, akamtazama mama, akaisoma tena kwa sauti ili mama asikie. Akajifunga hapohapo juu ya gauni la kanisani.

Nyanya hajui kusoma. Yake ni "Mungu ni mwema", ya bluu, na mpwa wangu wa darasa la tatu ndiye aliyemsomea, kidole kikifuata herufi. Nyanya akamwambia asome tena. Akasoma. Akamwita jirani aliyekuwa anapita njiani, akamwambia mtoto asome mara ya tatu, na yeye safari hii akawa anatamka naye, mkono wake umelalia maandishi.

Zile doti sita ziliniondokea na shilingi 4,500 pamoja na kupinda. Tarehe 10 Desemba ijayo nitakuwa kwenye lile benchi, na karatasi ina jina la saba: mpwa wangu ameomba ya kwake.